"Nimetafuta kutwa nzima sijapata kitu, nibadilishe mada?"

"Shikamoo mkutubi. Nasoma masta ya historia, niko kwenye proposo. Mada yangu ni wanawake wa Ungoni, Songea, wakati wa vita vya Maji Maji na miaka iliyofuata. Supavaiza kairudisha kazi mara mbili, anasema mapitio ya machapisho ni membamba. Nikiandika mada yangu kwenye databezi ya makala ya JSTOR naletewa mamia ya vitu ambavyo havihusu, vingine vya Malawi, vingine mapitio ya vitabu tu. Nikiandika hivyo hivyo kwenye databezi nyingine, EBSCO, napata sifuri. Nikiwa hosteli makala inaonyesha ukurasa mmoja halafu naambiwa nilipe dola arobaini na kitu. Rafiki yangu anasema niachane na madatabezi, Google Scholar inatosha. Mwingine kanipa programu ya akili mnemba, ikanitolea marejeleo kumi mazuri kweli kweli ila saba siyaoni popote. Je, mada yangu haijaandikwa? Nibadilishe?"

Marahaba. Usibadilishe mada, angalau sio kwa sababu hii. Ulichoniandikia hapa kina shida nne tofauti zimefungwa kwenye furushi moja: maneno unayotafutia, sehemu unayotafutia, mlango unaoingilia, na hayo marejeleo hewa. Watu wanne kati ya watano wanaokuja dawatini kwangu wanasema "hakuna kitu", tukikaa nusu saa wanaondoka na orodha ndefu kuliko muda waliobakiza, kwa hiyo wala usijione huna akili, hakuna mtu aliyekufundisha hii kazi, ulipewa pasiwedi siku ya kuripoti ukaambiwa "maktaba iko mtandaoni", basi.

Tuanze na kwa nini maneno yale yale yanakuletea mamia kule na sifuri huku, maana ukilielewa hili mengine yanafuata yenyewe.

Databezi haijui Maji Maji ni nini. Haijui kwamba ni vita, haijui Songea ni wapi, haijui kwamba ukiandika women unamaanisha pia mjane na mke wa jumbe. Inalinganisha herufi ulizoandika na herufi zilizoko kwenye maandishi iliyonayo, mwisho. Sasa JSTOR inatafuta ndani ya makala nzima, kuanzia kichwa mpaka tanbihi ya mwisho kabisa, kwa hiyo makala ya kurasa thelathini kuhusu historia ya Malawi ikitaja Songea kwenye tanbihi ya 47, ikitaja war ukurasa wa 3 na women ukurasa wa 22, kwake hiyo imefaulu mtihani, inakuletea. Na Malawi hawajaja kwa bahati mbaya, Wangoni wako Malawi, wako Zambia, wako Songea, na wote kwenye Kiingereza wanaandikwa Ngoni. EBSCO yenyewe kwa kawaida inaangalia kichwa cha habari, ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo wa makala) na maneno ya mada yaliyobandikwa na wakutubi, haiingii ndani ya makala. Ukimpa maneno manane inataka yote manane yawepo kwenye hiyo aya moja ya ikisiri. Nani ameandika ikisiri yenye impact na women na Ngoni na Songea na maneno yako mengine yote kwa pamoja? Hakuna. Ndiyo sifuri yako hiyo. Kumbe mada imeandikwa, ila hakuna aliyeiandika kwa sentensi yako.

Kwa hiyo kwenye JSTOR unabana, kwenye EBSCO unalegeza. JSTOR ukitaka maneno mawili yawe karibu karibu badala ya kutawanyika makala nzima, unayafunga kwenye alama za kunukuu kisha unaweka kiwimbi na namba, hivi: "women ngoni"~25, yaani yasipishane zaidi ya maneno ishirini na tano. EBSCO unaandika women N10 ngoni, kazi ni ile ile. Na usije ukaiambia JSTOR itafute kwenye ikisiri pekee ukadhani umekuwa mjanja, makala zake nyingi hasa za zamani hazina ikisiri kabisa, wanahistoria wa miaka ya 60 hawakuwa na hiyo tabia, utazitupa nje zile unazozihitaji zaidi.

Sasa maneno yenyewe. Hapa ndipo penye utamu na ndipo nitakapokaa sana.

Chukua daftari, daftari la karatasi, andika jina la vita yako kwa kila namna ambayo mtu yeyote amewahi kuliandika. Makala ya John Iliffe ya 1967 kwenye Journal of African History, ambayo karibu kila mtu wa mada hii anapitia, inasema Maji Maji maneno mawili na inaiita Rebellion. Thaddeus Sunseri, jarida hilo hilo, 1997, anaandika Majimaji neno moja na anaiita War, na yule anazungumzia mambo ya jinsia na njaa Uzaramo, kwa hiyo ni jirani yako kabisa wa kimada. Wengine wanasema Rising, wengine Uprising. Hizi sio tofauti za mapambo, anayesema rebellion na anayesema war wana ugomvi kati yao kuhusu nini hasa kilitokea 1905 hadi 1907, alikuwa nani na haki ya kutawala mpaka mwingine aitwe mwasi, na hata huo ugomvi ni aya nzuri ya proposo yako. Ila kwa mashine ni maneno manne yasiyojuana. Ukitafuta moja umewakosa wa mengine matatu.

Halafu jina la nchi. Aliyeandika kabla ya vita kuu ya kwanza anasema Deutsch-Ostafrika au German East Africa. Kuanzia 1920 ni Tanganyika. Tanzania inaanza 1964. Mwanafunzi anaandika Tanzania anashangaa kwa nini hapati kitu cha 1950. Hakipo kwa sababu Tanzania haikuwepo!

Majina ya watu ndiyo balaa. Kinjikitile wa Ngarambe, wanahistoria wengi wanamwandika hivyo, Kinjikitile. Ukiandika Kinjeketile, yaani umebadilisha i mbili kuwa e mbili tu, unaletewa dunia nyingine, watu wa fasihi wanaochambua tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969. Nimeshaona mtu kaandika ukurasa mzima kwamba hakuna tafiti za kihistoria juu ya huyu bwana, kumbe alikuwa amesimama kwenye tahajia ya tamthilia. Kwako wewe mwenye mada ya wanawake jina la kwanza kabisa la kulifanyia hivi ni Nkomanile, yule mama mtawala aliyenyongwa na Wajerumani Songea 1906. Anaandikwa Nkomanile, anaandikwa Mkomanile. Tafuta yote mawili kila mahali. Gavana wa Kijerumani wakati wa vita, Götzen, naye ana vitone viwili juu ya o, kuna databezi zinaelewa Gotzen, kuna zinazotaka Goetzen.

Alafu kuna kitu ambacho kwenye semina za maktaba hakisemwi kwa sababu semina zenyewe tumenakili kwa watu ambao lugha zao hazifanyi hivi. Mnafundishwa kinyota, kwamba ukiandika widow* unapata widow, widows, widowhood, vizuri sana. Kinyota kinafaa kwa lugha inayobadilika mkiani. Kiswahili na lugha zetu nyingi zinabadilika kichwani! Mngoni, Wangoni, Kingoni, Ungoni, mabadiliko yote yako mbele, na mbele kinyota hakikusaidii, databezi nyingi hazikubali neno lianze na kinyota. Waandishi wa Kiingereza wa siku hizi wanakata kiambishi wanasema Ngoni, wa zamani na Wajerumani waliandika Wangoni, Ungoni ni nchi na utaikuta peke yake bila neno Ngoni pembeni. Hakuna njia ya mkato, unaandika moja moja na kuweka OR katikati: ngoni OR wangoni OR ungoni. Fanya hivyo kwa Zaramo, kwa Matumbi, kwa Bena, kwa wote utakaowagusa.

Ukishajaza daftari ndipo unarudi kwenye mashine, na uingie kwenye ule ukurasa wa utafutaji wa kina wenye vibox vingi, sio kile kibox kimoja cha mbele. Kila kibox wazo moja, visawe vyake vyote humo ndani na OR kwa herufi kubwa. Kibox cha kwanza: "maji maji" OR majimaji. Cha pili: ngoni OR wangoni OR ungoni OR songea. Cha tatu: women OR gender OR widow* OR marriage OR famine. Kati ya kibox na kibox ni AND. Utaona nimeweka famine pale wakati hukuniuliza njaa. Ni kwa sababu mwandishi wa 1970 alikuwa haandiki gender, hilo neno kwa maana hii limeshika kasi baadaye sana, wanawake kwenye maandishi ya zamani wamejificha chini ya njaa, ndoa, kilimo, mateka, misheni. Jiulize wanawake wangeonekana wapi kwa jicho la mtu ambaye hakuwa anawatafuta. Hilo swali ni la mwanahistoria, kompyuta haiwezi kukuuliza.

Ukipata hata makala moja nzuri, moja tu, acha kutafuta kwanza. Isome mpaka tanbihi. Tanbihi za mwanahistoria makini ni databezi iliyochujwa na binadamu, anakuonyesha alisoma nani na alichimba wapi. Huko ni kurudi nyuma. Kwenda mbele ndipo namkubali rafiki yako wa Google Scholar: weka kichwa cha hiyo makala, chini yake kuna sehemu inaonyesha nani wameinukuu, bonyeza, kisha weka tiki utafute ndani ya hao waliomnukuu tu. Andika women humo. Unaanza na Iliffe wa 1967 unashuka mpaka watu wa juzi. Mimi hii naiona inazidi kila ujanja wa kinyota na mabano, kama una masaa mawili tu kwa wiki yatumie hapa.

Lakini rafiki yako kakosea kusema inatosha. Scholar ni pana kweli, inakamata vitabu, tasnifu, makala, hata silabasi za watu, ila huwezi kujua imeacha nini, haikuonyeshi zaidi ya matokeo elfu moja, na huwezi kuibana kwa mada. Databezi za fani zina mtu aliyekaa akasoma kila makala akaibandika maneno ya mada. Historical Abstracts iliyoko ndani ya EBSCO ndiyo ya kwako, inachukua historia ya dunia kuanzia 1450, isipokuwa Marekani na Kanada ambazo zina databezi yao nyingine. Ukiona rekodi moja inayokufaa humo, shuka chini uangalie maneno ya mada waliyoyabandika, yabonyeze, utaletewa ndugu zake hata kama vichwa vyao havitaji neno lako hata moja. Ila ujue hayo maneno ya mada nayo yana mambo yake. Maktaba ya Congress kule Washington, ambayo katalogi nyingi duniani zinafuata maneno yake, inawaita Waswahili Swahili-speaking peoples. Nani angelitunga hilo kichwani? Hakuna, unalikuta kwenye rekodi unalinakili daftarini.

Kuhusu databezi zenyewe nitapita haraka. JSTOR, iliyoanzishwa 1995, nguvu yake ni majarida ya zamani tangu toleo la kwanza, udhaifu wake ni kwamba majarida mengi yana ukuta unaosogea, miaka mitatu hadi mitano ya karibuni haimo. Kwa hiyo mtu anayetegemea JSTOR peke yake mapitio yake yanakatika ghafla miaka kadhaa nyuma, na supavaiza anaona mara moja. Ya karibuni nenda Project MUSE, nenda kwenye tovuti za wachapishaji, Cambridge ndio wenye Journal of African History, na Journal of Eastern African Studies iliyoanza 2007 iko Taylor & Francis. Ya huku kwetu pitia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, ipo tangu 1998, na jarida la Tanzania Zamani la watu wa historia wa Dar es Salaam lifuatilie mwenyewe kwa jina. Scopus wanakupigia debe sana kwa sababu ya kuhesabu nani kanukuliwa mara ngapi, lakini kwa mada kama yako ina mashimo, majarida mengi ya Afrika hayamo na vitabu ni vichache, isikusumbue.

Na vile vipande vya mapitio ya vitabu vinavyokukera JSTOR, usivifute! Historia ni fani ya vitabu. Mhandisi akikosa vitabu anaishi, sisi hapana, hoja kubwa kubwa ziko kwenye vitabu ambavyo JSTOR yako huenda haijavilipia. Kurasa mbili za mapitio zinakuambia kitabu kipo, kinasema nini na wenzake wanakipinga wapi. Kusanya majina, kisha tafuta kwenye katalogi ya maktaba yako na WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba za duniani, uone kiko wapi.

Sasa tuje hosteli na dola arobaini. Hapa watu wanaumia bure. Chuo chako hakinunui makala kwa jina lako, kinajiunga kupitia umoja wa maktaba, Tanzania unaitwa COTUL, Kenya ni KLISC, na mchapishaji anapewa anwani za IP, yaani namba zinazoutambulisha mtandao wa chuo. Ukifungua makala ukiwa ndani ya kampasi, mchapishaji haoni wewe, anaona IP ya chuo, mlango unafunguka. Ukiwa hosteli kwa bando la simu anaona kampuni ya simu, anakuona mpita njia, anakuonyesha bei. Makala ni ile ile na haki yako ni ile ile, ila umepiga hodi mlango wa barabarani. Dawa ni kuingilia kwenye ukurasa wa maktaba kwanza, ile sehemu ya kuingia ukiwa nje ya chuo, weka namba yako na pasiwedi, ndipo ubonyeze databezi. Ikikataa ni suala la pasiwedi au akaunti yako haijawezeshwa, wala usikae wiki nzima unahangaika, nenda dawatini na kitambulisho, ni kazi ya dakika kumi. Nilishakutana na kijana aliyekopa hela akalipia makala tatu ambazo zote zilikuwa wazi kwenye kompyuta za ghorofa ya pili. Niliumia kuliko yeye.

Na kama chuo hakina hiyo databezi kabisa? Bado usilipe. JSTOR ukifungua akaunti binafsi ya bure unasoma mtandaoni makala hadi mia moja kwa mwezi, huwezi kuzishusha zote lakini kusoma unasoma. Kuna Research4Life, watu wa jamii na sanaa wengi wanadhani ni ya madaktari kwa sababu ilianza 2002 na Hinari ya WHO, lakini tangu 2018 ina tawi la GOALI la sheria na sayansi za jamii, nchi za kipato cha chini taasisi zinaipata bure na nyingine kwa ada ndogo, muulize mkutubi wako kama chuo kimejisajili. Kuna Unpaywall ya kuweka kwenye brauza, inakuonyesha kama mwandishi aliacha nakala halali mahali fulani. Na kuna kumwandikia mwandishi mwenyewe, barua pepe ya mistari minne, taja makala gani na unafanyia nini. Wengi wanajibu, wanafurahi kusikia mtu wa Songea anawasoma. Zile tovuti za wizi unazijua na najua unazijua, mimi kama mkutubi siwezi kukuambia zitumie, ni uvunjaji wa hakimiliki, na hata ukiacha sheria pembeni, ukishazizoea unaacha kutafuta na unabaki kushusha, ni vitu viwili tofauti.

Hayo marejeleo saba yasiyopatikana, nadhani umeshashtukia, hayapo. Hizo programu zinatunga sentensi inayofanana na marejeleo, jina la mwanahistoria wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaowezekana, kichwa kinachovutia kuliko vya kweli. Chukua kila moja, weka kichwa kizima ndani ya alama za kunukuu Google Scholar, kisha nenda kwenye jarida lenyewe ufungue toleo la mwaka huo uangalie yaliyomo. Kama haipo pote pawili ifute, usiiache "kwa muda", itasahaulika na itafika kwa mtahini. Zile tatu zilizopatikana nazo zifungue uzisome, maana inaweza ikawa makala ipo ila haisemi kilichodaiwa. Kama unataka kuitumia hiyo programu kwa jambo la maana iombe visawe, ikutajie majina ya zamani ya mahali na tahajia za Kijerumani, kisha uhakikishe mwenyewe. Kwa kutaja maneno inasaidia. Kwa kutaja vyanzo isiamini hata mara moja.

Tukiwa kwenye Kijerumani, hutakwepa. Hata kama husomi, tafuta Aufstand (uasi) na Frauen (wanawake) pamoja na majina yako, utajua angalau kuna nini, tafsiri utaomba baadaye. Kitabu cha Götzen mwenyewe kuhusu hii vita kilitoka 1909, yeye alifariki 1910, hakimiliki ilishaisha zamani. Ila jihadhari na scani za zamani: vitabu vya Kijerumani vya enzi hiyo vingi vimechapwa kwa herufi za Kigothi, ambamo s ya katikati ya neno inafanana na f, kompyuta ikisoma scani inachanganya, kwa hiyo neno lipo kwenye picha unaliona kwa macho lakini utafutaji unasema halipo. Majina yetu ndiyo yanaumia zaidi, mashine haina kamusi ya kuyasahihisha. Kitabu muhimu kikisema sifuri, fungua fahirisi yake usome kwa macho.

Kuna mahali databezi zinaishia, na kwa mada yako zinaishia mapema. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Dar es Salaam ilikuwa na mradi wa Maji Maji, wanafunzi wakatumwa kusini kuhoji wazee waliokuwa bado hai, matokeo yakapigwa chapa kwa taipureta mwaka uliofuata kama mkusanyo wa karatasi. Mahojiano ya wazee! Chanzo kama hicho watu wanapanda ndege kuja kukisoma. Hutakikuta JSTOR kwa kuandika maneno matatu, ni bunda la karatasi. Vivyo hivyo Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza 1936, lenye makala ya R. M. Bell ya 1950 kuhusu vita hii wilaya ya Liwale. Vivyo hivyo utenzi wa vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapwa 1957 na tafsiri ya Whiteley, nao kwenye katalogi usiutafute kwa poem, tafuta utenzi, tafuta utenzi wa vita. Majalada ya serikali ya Wajerumani yako Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na ya wizara yao ya makoloni yako Berlin kwenye kundi la R 1001.

Kwa hiyo fanya daftari na vibox wiki hii, wiki mbili zikipita bado unazunguka pale pale usiniandikie tena, nenda ukaonane na mtu. Kama makala zinapatikana lakini huoni zinahusianaje, huyo ni supavaiza, sio mkutubi, na huenda swali lako ni pana, "wakati na miaka iliyofuata" inaishia lini? 1907? 1914? Kama unajua unachotaka ila hukipati, mkutubi wa kitengo chako, mwambie umetafuta maneno gani, wapi na tarehe gani, ndiyo maana nimesema daftari, maana tukianza upya kutoka mwanzo tunakula saa nzima tukirudia uliyokwisha fanya. Na hata kama husomi Dar, panga safari ya siku nne tano kwenye East Africana, mkusanyo wa Afrika Mashariki pale maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), uandike kabla kuuliza utaratibu wa wasomaji wa nje, ubebe barua ya chuo, kitambulisho na penseli. Songea pia kuna makumbusho ya Maji Maji, ukienda field pita, jina la Nkomanile wanalo pale. Ukikuta wamelitamka au kuliandika kwa namna ya tatu ambayo sijaitaja hapa, liongeze kwenye daftari, urudi nalo kwenye vibox.